Kisima cha gesi karibu na nyumba: mpime nini kabla, muulize nini mkutanoni

Swali: Assalamu alaykum. Naishi Kusini Pemba, shehia ya mikarafuu, nyumba zetu zimesogeleana. Kila baada ya muda tunasikia habari za gesi na mafuta, na wazee hutukumbusha Tundauwa, panapotoka mafuta ardhini yenyewe. Nataka kujua: ikiwa siku moja kisima cha gesi kitachorongwa nchi kavu, tuseme mita 400 kutoka nyumba ya mwisho, sisi tutakuwa salama? Umbali gani unatosha? Na kisima chetu cha maji, kinachotegemewa na nyumba kumi na moja, kitakuwaje?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza umbali mwanzo na maji mwisho. Nitaanza na maji, kwa sababu katika visiwa vyetu maji huweza kuharibika kimya kimya, bila moto wala kishindo, na ndiyo yanayohitaji kazi yenu mapema kuliko kitu chengine chochote. Umbali nitaufikia, pamoja na hesabu zake.

Kwanza jueni mlipo. Zanzibar ilichorongwa visima virefu viwili zamani, kimoja Unguja katika miaka ya 1950 na chengine, Pemba-5, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya BP na Shell. Vyote vilipita mita 3,800, na hakuna kilichofika kwenye uzalishaji. Baada ya Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia ya Zanzibar ya 2016, mkataba wa kitalu (eneo la utafutaji) cha Pemba na Zanzibar ulisainiwa na kampuni ya RAK Gas Oktoba 2018, na Machi 2024 vikanadiwa vitalu vinane vya baharini. Mtambo wa nchi kavu hauibuki usiku mmoja. Unatanguliwa na ukusanyaji wa data za mitetemo, tathmini ya athari za mazingira, barabara na uwanja wa kuuweka. Huo ndio muda wenu wa kupima.

Chini ya ardhi yetu maji matamu hayakukaa kama ziwa lenye sakafu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, kwa vile ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi. Kanuni ya jumla ni kuwa kila mita moja ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari ina karibu mita 40 chini ya usawa huo. Yakivutwa yakashuka nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 20. Ndiyo maana kisima cha pwani kinachovutwa sana hugeuka chumvichumvi ghafla, ilhali juu kinaonekana kimejaa. Kuchoronga kisima kirefu kunakula maji mengi ya kuchanganyia tope (majimaji mazito yanayotiwa tunduni wakati wa kuchoronga), saruji na kuoshea mitambo, mamia ya mita za ujazo na mara nyingi zaidi ya elfu moja. Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza mwekezaji halihusu gesi kabisa. Muulizeni maji yake atayatoa wapi. Akijibu kuwa atachimba kisima pembeni ya uwanja wake, basi anakusudia kuvuta kutoka kwenye tabaka lile lile mnalonywa.

Sasa tuingie ndani ya kisima cha gesi chenyewe. Ni tundu linaloanza pana na kupungua upana kadiri linavyoshuka. Kila hatua inavishwa bomba la chuma, na nafasi baina ya bomba na mwamba hujazwa saruji. Bomba la juu kabisa huzuia udongo usiporomoke. La pili ndilo linalokinga maji yenu. Mara nyingi lina upana wa inchi 13 hivi, na linatakiwa lishuke mpaka chini ya maji matamu yote kabla tundu halijaendelea. Baada yake huja bomba la kati, kwa kawaida la inchi 9 na nusu au zaidi kidogo, kisha la uzalishaji, mara nyingi inchi 7. Gesi itapita ndani ya hilo la mwisho. Kati yake na maji yenu panatakiwa pawe na kuta tatu za chuma na tatu za saruji.

Kipande cha juu, kabla ya bomba la pili kutiwa, mwamba wa maji matamu uko wazi mbele ya chochote kilichomo tunduni. Hapo paruhusiwe maji safi na udongo wa kawaida wa bentonaiti tu, si tope lenye mafuta wala lenye chumvi ya potasiamu. Hili liandikwe kwenye masharti ya kibali. Lisiachwe kwenye maneno ya mdomo.

Tatizo kubwa la mwamba wetu ni mapango. Upande wa maweni, hasa mashariki, mawe ya matumbawe yamejaa mashimo yanayopitisha maji kama chujio lililochanika. Magharibi ya Pemba kuna mchanga na mfinyanzi zaidi, lakini hata huko matabaka ya chokaa yamo. Mchorongaji akigonga pango, tope lote hukimbilia humo. Madhara yake ni mawili. La kwanza, kilichomo kwenye tope kimeingia kwenye mwamba unaopitisha maji. La pili ni zito zaidi. Uzito wa tope ndio unaoizuia gesi isipande. Tope lenye uzito wa mara 1.2 ya maji likishuka mita 200 tunduni, kule chini panapungua presha ya karibu kilo 24 kwa kila sentimita ya mraba. Ikiwa chini kuna gesi iliyokuwa imezuiwa na tope hilo, inaanza kuingia tunduni na kupanda, na kadiri inavyopanda inavimba.

Mtambo unaosimamiwa vizuri hulijua hilo ndani ya dakika chache, kwa sababu kiwango cha tope kwenye matangi kinapimwa muda wote. Kikipungua, linapotea. Kikiongezeka bila kuongezwa, kuna kitu kinalisukuma kutoka chini. Hapo hufungwa vali kuu za kuzuia mlipuko, mkusanyiko mzito wa vali unaokaa juu ya mdomo wa kisima. Vali hizo hujaribiwa kwa presha zinapowekwa mara ya kwanza na tena kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Ombeni tarehe za majaribio. Ni karatasi moja tu, na anayeficha karatasi hiyo amekwisha kuwapa jibu.

Lakini kuna kipindi ambacho vali hizo hazifungwi, na wachache wanaoishi jirani na uwanja huambiwa. Tundu likiwa bado fupi, na likakutana na gesi ya juu juu, ukiifunga mdomoni itatafuta njia pembeni ya bomba na kupasua ardhi. Badala ya kufungwa, huelekezwa kwenye bomba pana linaloitoa mbali na mtambo, ikapite hadi iishe. Bomba hilo linaelekea wapi? Kama linaelekea nyumba ya mwisho ya shehia yenu, mita 400 ni kidogo. Mtambo mzuri huwa na mabomba mawili ya pande zilizokabiliana, ili lifunguliwe lile lililo upande upepo unakokwenda mbali na watu.

Saruji nayo ina maradhi yake. Bomba lisipokaa katikati ya tundu, upande mmoja hubakia mwembamba na tope halisafishwi, kwa hivyo saruji inaliacha kama ufa wa wima. Au gesi hupenya saruji ikiwa bado inaganda na kuacha vijia. Kisima kinaweza kuonekana kizuri kabisa juu, huku gesi ikipanda taratibu nje ya bomba hadi kwenye maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bainbridge, jimbo la Ohio nchini Marekani, Desemba 2007. Saruji ya kisima kipya haikukamata sawasawa, kisima kikafungwa huku presha ikijikusanya kati ya mabomba, gesi ikahamia kwenye tabaka la maji na kutokea ndani ya nyumba kupitia chini. Nyumba ikaripuka. Waliokuwemo walinusurika, lakini nyumba nyingi za jirani zilikuta gesi kwenye visima vyao. Hapakuwa na mlipuko kwenye kisima chenyewe, na hakuna aliyeona moto hadi siku ile.

Kwa hivyo kuhusu bomba linalokinga maji, ombeni mambo manne. Lishuke si chini ya mita 30 kupita maji matamu ya mwisho na pia kupita mwamba wenye mapango. Saruji yake irudi hadi juu ya ardhi, na ionekane kwa macho ikitoka. Baada ya kuganda, ipimwe kwa chombo cha sauti kinachoshushwa tunduni kuonesha wapi imeshika na wapi haikushika. Na mchorongaji akishatoboa mita chache chini ya bomba, asukume presha kuthibitisha kuwa mwamba na saruji vinastahimili, kabla ya kuendelea. Baadaye, maisha yote ya kisima, presha ya nafasi iliyopo kati ya mabomba isomwe na kuandikwa. Nafasi hiyo inatakiwa iwe kimya. Ikitolewa presha, kisha ikarudi yenyewe, mahala fulani kuna uvujaji.

Nakuja kwenye kipimo cha maji, na hapa nakuombeni msome taratibu. Tundauwa panajulikana kwa mafuta yanayotoka ardhini yenyewe. Maana yake ni kuwa katika sehemu za Pemba dalili za mafuta au gesi zinaweza kuwemo kwenye ardhi na maji tangu hapo, bila ya mchorongaji yeyote. Mkija kulalamika mwaka wa tatu wa kazi kuwa maji yana gesi, kampuni itajibu, na huenda ikawa kweli, kuwa ilikuwemo kabla. Bila ya kipimo cha kabla hakuna mahakama wala mtaalamu atakayeweza kuwatetea, na vilevile hakuna atakayeweza kuisafisha kampuni isiyo na kosa. Hakuna fedha wala mwanasheria anayeweza kurudi nyuma na kupima maji ya jana.

Pimeni mara mbili: mwisho wa kaskazi, Februari hadi Machi, maji yakiwa chini, na baada ya masika. Kila kisima, bomba la Mamlaka ya Maji na chemchemi iliyomo ndani ya kilomita moja na nusu iingie kwenye orodha, ichorwe kwenye ramani na ipewe namba. Vya kupimwa ni upitishaji umeme (ambao ndio kipimo cha chumvi), kloraidi, bariamu, benzini na ndugu zake, methani (ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia) na ethani, gesi inayofanana nayo. Methani peke yake hutokea hata kwenye matope yaliyooza. Ethani ikifuatana nayo, hiyo ni ishara kuwa gesi imetoka kina kirefu. Ikipatikana methani ya kutosha, maabara ipime pia isotopu za kaboni, maana ndizo zinazotenganisha gesi ya kinamasi na gesi ya mwamba wa chini.

Namna ya kuchukua sampuli huamua kila kitu. Gesi iliyoyeyuka hutoroka kama ilivyo soda iliyofunguliwa. Maji ya kwenye tangi hayafai, wala ya ndoo iliyomiminwa. Washeni pampu hadi upitishaji umeme uache kubadilika. Kisha zamisheni chupa ndogo ya kioo, ya mililita 40, ndani ya ndoo iliyojaa, tieni mdomo wa mpira ndani ya chupa hadi ijae na kufurika, na ifungwe ikiwa chini ya maji. Ipindueni. Ikionekana hata tone la hewa, mwageni na muanze upya. Chupa ikae kwenye barafu na ifike maabara ndani ya siku saba, au kumi na nne ikiwa maabara imetoa chupa zenye dawa ya kuhifadhi. Kwa kisima cha ndoo kisicho na pampu, pampu ndogo ya kutumbukiza inaweza kuazimwa kwa siku moja.

Andikeni tarehe, saa na hali ya bahari: bamvua au maji mafu, yanajaa au yanakupwa. Kisima cha karibu na pwani hubadilika chumvi kwa maji ya bahari, na mpimaji asiyeandika hilo atalaumu kisima cha gesi kwa kosa la mwezi. Sheha awepo na asaini. Kila sampuli igawiwe mara mbili, moja kwa kampuni na moja kwa shehia, na matokeo yabaki kwenu kwa maandishi. Gharama ibebwe na kampuni kupitia masharti ya tathmini ya mazingira, lakini mchukuaji sampuli asiwe mwajiriwa wake. Baada ya hapo, kifaa kidogo cha mkononi cha upitishaji umeme kinawatosha kusoma wenyewe kila wiki, siku ile ile na hali ile ile ya maji. Maji ya bahari husoma karibu 50,000 (maikrosimensi kwa sentimita). Kisima kilichozoea 800 kikianza kusoma 1,100, halafu 1,500, mna miezi ya kuchukua hatua kabla mdomo haujaonja chumvi.

Yakipatikana haya baadaye, msisubiri: maji yanatoka meupe kama maziwa halafu yanasafika kuanzia chini kwenda juu, pampu inatema hewa, kisima kinachemka vipovu, au kipande cha majani kinakauka kwa duara pasipo ukame. Methani kwenye maji ikifika miligramu 10 kwa lita inahitaji kufuatiliwa, ikifika 28 inahitaji hatua ya haraka, kwa kigezo kinachotumika sana Marekani. Hatari ya methani haimo katika kuyanywa maji. Imo ndani ya chumba cha pampu na chini ya mfuniko wa kisima. Tieni bomba la kupumulia kwenye mfuniko, lipande juu ya paa.

Wengi wanatarajia harufu ile ya gesi ya mtungi. Hiyo ni dawa iliyotiwa makusudi kiwandani. Gesi asilia inayotoka ardhini haina harufu hiyo, na mara nyingi haina harufu yoyote. Gesi ya mtungi ni nzito na hulala sakafuni. Methani ni nyepesi na hupanda darini. Huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Uwanjani, kwenye upepo, hupotea upesi. Ndani ya chumba kilichofungwa ndimo inamoua mtu. Mkiishuku, msiwashe wala msizime taa, msiwashe pikipiki, msipige simu hapo hapo. Tokeni nje, nendeni mbali, kisha ndiyo mpige.

Sasa harufu ya mayai yaliyooza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi nyengine kabisa, nzito kuliko hewa, hutambaa mabondeni. Sehemu 10 kwa milioni ndipo king'ora cha uwanja kinapotakiwa kulia. Ikifika 100 pua huacha kuinusa, na hapo mtu hudhani imeondoka. Ikifika 700 hadi 1,000 mtu huanguka baada ya pumzi chache. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni safi, karibu yote ni methani, na hilo ni jambo la kututia moyo. Lakini mwamba wa Pemba ni mwamba mwengine. Kisima cha kwanza cha eneo hakina historia, na lazima kiandaliwe kama kwamba gesi hiyo imo. Desemba 2003 huko Kaixian, Uchina, kisima chenye gesi hiyo kilifumuka usiku na watu 243 wakafa, wengi wao wanavijiji waliokuwa majumbani mwao. Haikuwashwa moto hadi siku ya pili yake. Gesi hiyo ikiwashwa huungua na kugeuka kitu kisichoua haraka kiasi hicho, kwa hivyo uamuzi wa kuwasha ndio uhai wa jirani. Muulizeni mwekezaji: nani uwanjani ana mamlaka ya kuwasha bila kupiga simu makao makuu, na ndani ya dakika ngapi?

Jambo moja linaloweza kuwachanganya: matope ya mikoko hutoa harufu hiyo hiyo maji yakikupwa, na karo pia. Kwa hivyo zingatieni sasa ni mitaa gani hunuka na saa gani, ili msije kutishika bure wala kupuuza.

Umbali, basi. Hakuna nambari moja inayofaa kila pahala, na anayekupa moja bila kuuliza upepo na mwamba hajafanya kazi yake. Colorado iliweka futi 2,000, yaani karibu mita 610, kwa kanuni za 2020, ikiacha mianya ya kuombewa ruhusa. Sheria ya California ya 2022 iliweka futi 3,200, karibu mita 975. Kwa kisima cha utafutaji, ambacho presha na gesi yake bado ni kitendawili, rai yangu ni kuwa mita 400 ni karibu mno. Nyumba ziwe zaidi ya mita 600, na skuli, hospitali na madrasa ya watoto zikaribie kilomita. Kisiwani ardhi ni ndogo na mwekezaji atasema haiwezekani. Tundu linaweza kuchorongwa kwa mshazari, mtambo ukakaa mbali na kulenga mwamba ulio chini ya mashamba kilomita moja au mbili pembeni. Ghali zaidi, lakini ni kazi ya kila siku katika fani hii.

Kelele nayo inaonesha kwa nini mita hizo zina maana. Mtambo haulali, ni saa 24 kwa miezi. Tuseme unapimwa desibeli 75 ukiwa mita 50. Kila umbali unapozidi mara mbili, hupungua 6. Mita 400 mtasikia 57, mita 800 mtasikia 51. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza usiku isizidi 45 nje ya chumba cha kulala. Kuta za kuzuia sauti zinasaidia, na zidaiwe.

Kinacholingana na umbali ni upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Uwanja ulio salama kwenu miezi ya kaskazi unaweza kuwatemea moshi na gesi yote miezi ya kusi. Mpango wa kuokoa watu wenye njia moja na kituo kimoja cha kukutania ni nusu mpango. Viwe viwili, kila kimoja kwa msimu wake. Watu watoke kwa kukata upepo kwanza, yaani kwenda pembeni, kisha ndiyo waelekee unakotoka upepo, na wapande mlima badala ya kuteremka bondeni. Bendera ya upepo ionekane kutoka kijijini pia, isiwe ya mtambo peke yake. Vipaza sauti vya misikiti ndivyo king'ora bora tulicho nacho, ila msikiti uwe na betri ya akiba na kuwe na maneno maalumu yasiyofanana na adhana wala tangazo la maiti. Jaribio lifanyike kabla ya kuchoronga, mara moja mchana na mara moja usiku, na wagonjwa na wazee waorodheshwe kwa nyumba, pamoja na jina la kijana atakayewabeba.

Uchafu wa kuchorongea ni jambo ambalo masika yetu hayalisamehe. Mawe yaliyosagwa na tope lililotumika hurundikwa shimoni. Shimo la wazi, hata lenye plastiki, likifurika kwa mvua linamwagikia kwenye mikarafuu na visima. Dai lenu liwe matangi ya chuma yaliyofungwa badala ya mashimo. Ikishindikana kabisa, shimo lenye tabaka mbili za plastiki, nafasi ya nusu mita na zaidi juu ya tope, na mtaro wa kuzunguka. Malori nayo: pigeni picha za kuta za nyumba zilizo kando ya njia sasa hivi, zenye tarehe, kila ufa na rula pembeni yake. Nyumba za mawe na udongo hupasuka kwa mtetemo, na mwenye picha ndiye hulipwa.

Matetemeko ya ardhi yanayozungumzwa sana yalitokea Groningen, Uholanzi, kwa sababu gesi ilitolewa kwa miongo mingi na mwamba ukashindiliwa. Kubwa lake lilikuwa la 3.6, Agosti 2012, na uzalishaji ukasimamishwa Oktoba 2023. Kisima kimoja cha utafutaji hakiwezi kufanya hivyo. Wekeni khofu hiyo pembeni kwa sasa.

Msiyoyaweka pembeni ni yale yanayobaki baada ya mtambo kuondoka. Firestone, Colorado, kisima kilichorongwa mwaka 1993 pakiwa shamba. Nyumba zikaja baadaye, kama mita 50 tu kutoka kisimani. Bomba jembamba la inchi moja lililoachwa limekatwa, bila kutenganishwa na kisima, likavujisha gesi chini ya nyumba moja, na Aprili 2017 watu wawili wakafa. Hapo kisima hakikuwafuata watu. Watu ndio walikifuata kisima, na hakuna aliyewaambia. Kwetu, ambako kiwanja hugawiwa kwa watoto kizazi hadi kizazi, hilo linaweza kutokea ndani ya miaka ishirini. Kisima kikifungwa, kizibwe kwa vizibo vya saruji mbele ya gesi, chini ya maji matamu na karibu na uso wa ardhi. Mabomba yote ya juu yang'olewe, na vipimo vya mahali pake viandikwe kwenye ramani ya ardhi na kwenye daftari la sheha, pamoja na eneo lisilojengwa. Na fedha za kuzibia ziwekwe dhamana kabla ya kuchoronga, maana kampuni huuzwa, hufilisika na huondoka.

Tathmini ya athari za mazingira hupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), na shughuli za kisima husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utafutaji na Uchimbaji wa Mafuta na Gesi Asilia Zanzibar (ZPRA). Mkutano wa wananchi ukiitishwa, msipeleke malalamiko matupu. Pelekeni ramani ya visima vyenu, matokeo ya vipimo viwili, na masharti niliyoyataja hapo juu yaliyoandikwa, na mtake yaingizwe kwenye kibali na kumbukumbu za mkutano. Sharti lililomo kwenye kibali linaweza kusimamisha mtambo. Ahadi ya jukwaani haina nguvu hiyo.

Kisima chenu cha nyumba kumi na moja kianze wiki hii. Tafuteni kina chake kwa kamba na jiwe, pimeni umbali kutoka ukingo hadi maji wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, na muandike kwenye daftari moja linalokaa kwa mtu anayeaminika.